Dawa Iponyayo na Ngozi Iikataayo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho, labda hata katika nyumba zenu. Mtu amepigwa sindano, au amemeza vidonge alivyopewa hospitalini. Ugonjwa wake waanza kupungua. Lakini mara ngozi yake yatoka mabaka yaliyoinuka, yawasha kama aliyepitiwa na upupu, macho yafura, midomo yavimba. Jamaa zake hukaa barazani wakashauriana. Mmoja atasema, "Dawa ile ilikuwa imeharibika." Wa pili atasema, "La, daktari amekosea kipimo." Wa tatu, ambaye hupenda kunong'ona kuliko kusema, atadai kwamba yuko mtu aliyemtia mgonjwa jicho baya.

Swali lilo hilo liliwasumbua mabingwa wa Ulaya zaidi ya miaka mia iliyopita. Wao pia walidhani kwamba kosa liko katika dawa. Jinsi walivyolifumbua fumbo hilo ndiyo habari yangu ya leo, maana jibu walilolipata halikuwa lolote katika yale matatu ya barazani.

Hatuna budi kuanza na ugonjwa wa dondakoo. Siku hizi wazazi wengi hawajapata kuuona, kwa sababu watoto huchanjwa wangali wachanga. Zamani ulikuwa msiba mkubwa. Utando mzito wa rangi ya kijivu huota kooni mwa mtoto, hukaza njia ya pumzi, na sumu yake huingia damuni ikaudhuru moyo. Mwaka 1890 katika mji wa Berlin, Mjerumani aitwaye Emil von Behring na mwenziwe Mjapani, Shibasaburo Kitasato, walitangaza jambo la ajabu. Mnyama akizoeshwa sumu ya ugonjwa kidogo kidogo, damu yake hufanya kitu cha kuivunja nguvu sumu hiyo. Tena maji ya damu yake, yaitwayo seramu, yakitiwa katika mwili wa mnyama mwingine, humkinga naye.

Basi wakatafuta mnyama mkubwa, mpole, mwenye damu nyingi, wakamchagua farasi. Farasi alitiwa sumu kidogo, kisha ikazidishwa, kisha ikazidishwa tena, hata akawa haimdhuru. Ndipo walipomtoa damu, wakaiacha igande, wakachukua maji yake yenye rangi ya manjano na kuyatia katika sindano. Huko Paris, Émile Roux aliwatibu watoto wa hospitali kwa seramu hiyo, na mwaka 1894 akatoa hesabu yake mbele ya mkutano wa madaktari mjini Budapest. Hapo kwanza, kama nusu ya watoto walioletwa na dondakoo walikufa. Baada ya seramu, waliokufa walikuwa kama robo tu. Ifikirini hesabu hiyo, ninyi vijana mnaopenda kulalamika kwamba hesabu haina faida: katika kila watoto mia, kama 25 zaidi walirudi nyumbani pamoja na mama zao. Mwaka 1901 Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga, ya kwanza kabisa kutolewa.

Lakini furaha ile haikukaa bila doa. Watoto waliopona dondakoo waliondoka kitandani, nao baada ya siku kadha wakashikwa na homa, tezi zikavimba, viungo vikauma, na mwili mzima ukatoka mabaka yenye kuwasha. Wengi walipona bila dawa yo yote. Hata mwaka 1896 likatokea huko Berlin jambo lililoitia hofu Ulaya nzima. Mtoto mdogo wa kiume wa bingwa mmoja wa elimu ya maradhi, mtoto ambaye hakuwa mgonjwa, alipigwa sindano ya seramu ili kumkinga tu, akafa baada ya dakika chache. Baba yake, kwa uchungu, akatangaza gazetini kwamba mwanawe ameuawa na seramu ya Behring. Nani angemlaumu? Seramu ilipimwa, haikuonekana sumu ndani yake. Wengine walipigwa sindano ya namna ile ile wasidhurike.

Hapo ndipo walipo watu wengi mpaka leo: upande mmoja dawa iliyookoa maelfu, upande wa pili mtoto mmoja aliyekufa, na hapana aelezaye.

Aliyeeleza alikuwa kijana wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Jina lake Clemens von Pirquet, aliyezaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa heshima. Kwanza alisoma elimu ya dini, kisha falsafa, ndipo akageukia uganga, naye akaingia katika hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna. Mwenziwe wa kazi alikuwa Béla Schick, aliyetoka Hungaria. Hawa wawili hawakuwa na chombo kipya wala darubini ya ajabu. Walikuwa na karatasi na kalamu, na saburi ya kukaa karibu na vitanda vya watoto na kuandika: mtoto huyu amepigwa sindano siku gani, mabaka yametoka siku gani, je, aliwahi kupigwa sindano ya namna hii zamani?

Walipoyapanga maandiko yao waliona jambo lililo wazi kama jua. Mtoto aliyepigwa seramu ya farasi kwa mara ya kwanza alikaa juma zima hana neno. Mabaka na homa vilimjia baina ya siku ya 8 na siku ya 12. Bali mtoto aliyewahi kupigwa seramu majuma au miezi iliyopita, akipigwa tena, hakungoja siku nane. Mabaka yalimtokea siku ile ile au siku ya pili yake.

Tuyapime maneno ya barazani kwa kipimo hicho. Kama dawa ingalikuwa na sumu, sumu ingalimdhuru mtoto wa kwanza na wa pili kwa mwendo mmoja, kwa maana seramu ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika si dawa. Kilichobadilika ni mtoto. Mwili wake ulikuwa umekwisha kuonana na kitu cha farasi, nao haukusahau.

Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu hunitaka mfano, nami huwapa huu. Kijiji hakijapata kuingiliwa na simba. Siku simba ajapo, watu hukimbia huko na huko, mmoja atafuta mkuki, mwingine anoa panga, na siku kadha hupita kabla hawajawa tayari. Lakini baada ya hapo kila mtu huweka mkuki wake mlangoni, na kishindo cho chote cha usiku hupokewa kwa mikuki papo hapo. Sasa tuseme aliyekuja usiku si simba, ni mgeni aliyeleta dawa. Mikuki itatupwa vile vile, tena itatupwa ndani ya nyumba, na vyungu vitakavyovunjika ni vya wenye nyumba wenyewe. Mabaka ya ngozi ni vyungu vile.

Mwaka 1905 Pirquet na Schick walichapisha kitabu chao juu ya ugonjwa wa seramu. Mwaka uliofuata, 1906, Pirquet aliona kwamba jambo hili halina jina. Mabingwa walikuwa na neno la kinga, maana yake mwili uliozoea hata ugonjwa usiudhuru. Lakini hapa mwili uliozoea ulidhurika zaidi! Akachukua maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake "nyingine", la pili maana yake "kazi", akayaunganisha, likapatikana neno ambalo kwetu watu hulitamka aleji. Alitaka kusema kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu hufanya kazi kwa namna nyingine. Waswahili nao wamekubali neno mzio, nami nalipenda zaidi. Zamani mzio ulikuwa kitu alichokatazwa mtu fulani, mara nyingi chakula, na jirani yake akila kisimdhuru. Ndivyo ilivyo hasa: dawa hii ni mzio wangu mimi, kwako wewe ni uzima.

Kabla ya hapo, Wafaransa wawili walikuwa wameligusa jambo hili kwa njia nyingine, nayo yawahusu wavuvi wetu wa pwani. Mwaka 1901 Charles Richet na Paul Portier walisafiri baharini katika jahazi la mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya konyeza, yule mnyama laini awashaye ngozi ya waogeleao. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya mnyama mwingine wa baharini, ashikaye mwambani, afananaye na ua. Waliwatia mbwa sumu kidogo, wakitumaini kuwazoesha kama farasi walivyozoeshwa. Mbwa mmoja jina lake Neptune, mwenye afya njema, alitiwa tena kipimo kidogo baada ya majuma kama matatu. Mara pumzi zikambana, akaanguka, akafa katika muda wa nusu saa. Walitaka kumpa kinga wakampa kinyume chake. Habari hiyo waliitangaza mwaka 1902, na mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel. Mwisho wa mtoto wa Berlin ulifanana na mwisho wa Neptune.

Swali lililobaki lilikuwa hili: hicho kisichosahau kikaa wapi mwilini? Mwaka 1921 huko Breslau alikuwako daktari aitwaye Heinz Küstner, ambaye akila samaki hutoka mabaka. Rafiki yake, Carl Prausnitz, yeye alikula samaki bila dhara. Basi Prausnitz akachukua seramu ya damu ya Küstner, akaitia chini ya ngozi yake mwenyewe, na siku ya pili yake akapachoma mahali pale pale maji ya samaki. Pale tu, wala si penginepo, ngozi ikainuka baka likawasha. Kumbe kumbukumbu ile ilikuwa katika damu, na yaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hata mtu, kama barua. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1966 na 1967 kitu chenyewe kijulikane, kwa kazi ya Wajapani mume na mke, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa Marekani, na ya Wasweden Johansson na Bennich. Ni kingamwili ya namna ya peke yake, iliyo kidogo mno katika damu, ambayo hujishika juu ya chembe fulani za ngozi, za pumzi na za tumbo. Kitu kichukiwacho kikirudi, chembe zile hupasua mifuko yake na kumwaga dawa kali iitwayo histamini. Henry Dale wa Uingereza alikwisha kuionyesha nguvu ya histamini tangu mwaka 1910: mishipa midogo huvuja maji, ngozi hufura na kuwasha, na ikimwagika nyingi mwilini kote, mirija ya pumzi hukaza na damu hupungua nguvu.

Sasa turudi kwetu. Huku Afrika ya Mashariki sindano iliingia kwa heshima kubwa. Katika miaka ya 1920, katika Kenya na Tanganyika, wagonjwa wa buba walianza kutibiwa kwa sindano za dawa za madini ya bismuthi na aseniki. Vidonda vilivyomtesa mtu miaka vilikauka upesi. Watu walitoka mbali kwa miguu kuifuata sindano, na nadhani ndiyo asili ya imani iliyobaki mpaka leo kwamba matibabu bila sindano si matibabu. Hata hivyo, popote duniani dawa za aseniki zilipotumika, wako wachache ambao ngozi iliwatoka vipele, na wachache zaidi ambao ilibanduka mwili mzima.

Kisha ikaja penisilini. Alexander Fleming aliiona katika ukungu huko London mwaka 1928. Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford waliifanya dawa, na mwaka 1941 wakaanza kuwapa wagonjwa. Katika miaka ya 1950 sindano moja yake iliweza kumponya mwenye buba. Ilionekana ni dawa safi kabisa, isiyotoka kwa farasi wala mnyama ye yote. Lakini nayo ikawa mzio wa baadhi ya watu, wengi kwa mabaka, na wachache kwa kifo cha ghafula. Hili lilitaka maelezo mengine, maana mwili kwa desturi haujali kitu kidogo kama chembe ya penisilini. Ufunguo ulikuwa umekwisha kutolewa na bingwa mwingine aliyezaliwa Vienna, Karl Landsteiner. Alionyesha kwamba kitu kidogo kisichoweza kuwaamsha walinzi wa mwili kwa nguvu zake chaweza kuwaamsha kikijibandika juu ya protini. Penisilini hujibandika hivyo juu ya protini za mtu mwenyewe. Ni kama alama ya chaki mgongoni mwa ndugu wa nyumbani: walinzi huiona alama wasimtambue ndugu.

Kwa hiyo neno lile la kawaida, "Dawa hii niliipata zamani wala haikunidhuru," halitoshi kuwa ushahidi. Mara ya kwanza huenda ndiyo iliyonoa mikuki. Wala neno la upande wa pili halitoshi, "Mama aliniambia nina mzio wa penisilini." Katika Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, watu kama kumi katika mia husema hivyo, wakipimwa vizuri, tisa katika kila kumi wao na zaidi huonekana waweza kuitumia. Wengine walipokuwa watoto walitoka vipele vya ugonjwa wenyewe, dawa ikasingiziwa. Wengine mwili umesahau baada ya miaka mingi. Ndiyo maana daktari mwema haridhiki na neno "mzio" peke yake. Atauliza kama Pirquet alivyouliza: ilikuwa dawa gani, mabaka yalitoka baada ya muda gani, pumzi zilibana, midomo ilivimba? Ajuaye majibu hayo kwa watoto wake amempa daktari kitu kisichonunuliwa dukani.

Na yule anayebanwa pumzi baada ya sindano? Dawa yake ni sindano nyingine. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, Mjapani aliyekaa New York, aliipata adrenalini safi kutoka katika tezi zilizo juu ya figo za wanyama. Hupigwa katika nyama ya paja, pasipo kukawia. Hukaza mishipa iliyolegea na kufungua mirija iliyobana. Ndiyo sababu mtu aliyepigwa sindano huambiwa akae kidogo kwenye benchi asikimbilie nyumbani. Wengi hudhani wanacheleweshwa bure. Wanaangaliwa, kwa kuwa hatari ya namna ile huja kwa kawaida katika dakika za mwanzo, na adrenalini iko pale, haiko njiani.

Lakini iko namna ya pili, ijayo polepole, na hapo mfano wangu wa mikuki mlangoni hautoshi. Hii huanza siku kadha au majuma baada ya kuanza dawa. Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika habari za wavulana wawili walioshikwa na homa, vidonda vya kinywa na macho mabaya, na madoa mwili mzima. Ugonjwa huo huitwa kwa majina yao, na mara nyingi chanzo chake ni dawa, zikiwamo za salfa, ambazo katika nchi zetu zimetumika pia kwa malaria. Katika hali iliyo mbaya zaidi ngozi hubanduka kama ya aliyeungua moto. Hutokea kwa wachache sana, lakini homa, vidonda vya kinywa na ngozi iumayo vikikutana kwa mtu atumiaye dawa mpya, si mambo ya kungojea asubuhi.

Afrika ya Mashariki ina sura yake yenyewe katika historia hii, nayo si ya kujivunia wala ya kuficha. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu walipewa kidonge cha thiasetazoni pamoja na dawa nyingine. Kilijaribiwa hapa kwetu kwa uangalifu katika miaka ya 1950 na 1960, kikaonekana chafaa. Tena kilikuwa rahisi mno kwa bei, hata nchi maskini ziliweza kuwapa watu wake wote. Kisha UKIMWI ukaingia. Waganga wa Nairobi wakaanza kuona wagonjwa wa kifua ambao ngozi iliwatoka vipele vibaya, na wengine ilibanduka wakafa. Kama Pirquet, wakakaa na maandiko yao wakahesabu. Hesabu ilitangazwa mwaka 1991: miongoni mwa waliokuwa na virusi vya UKIMWI, kama mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi, miongoni mwa wasio navyo, kama mmoja tu katika mia. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, walibadilika watu.

Haikuwa rahisi kuikubali hesabu hiyo, kwa kuwa kidonge kile ndicho kilichokuwa ghalani, na fedha za kununua kingine zilikuwa chache. Lakini katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba wenye virusi hivyo wasipewe thiasetazoni. Nchi moja baada ya nyingine ikaiacha, na ethambutoli, iliyo ghali zaidi, ikashika mahali pake.